Mstari wa Waliotia Ubani

Usiku ule nililala mapema, jambo nisilolizoea, kwa sababu sikutaka mke wangu aniulize kitu. Mimi ni askari polisi, koplo, na asubuhi yake nilikuwa na ushahidi wa kutoa mahakamani dhidi ya fundi baiskeli mmoja niliyemkamata kwa tuhuma za kuvunja duka. Nilimpekua mwenyewe, sikumkuta na kitu. Lakini jioni ile mkuu wangu alifunga mlango wa ofisi, akaweka mezani tindo ya kuvunjia kufuli, akasema, "Hii uliikuta mfukoni mwake. Neno moja tu, Koplo, halafu tunasonga mbele." Nikajibu, "Ndiyo, afande." Ni jibu ambalo mdomo wangu umelizoea kuliko Baba Yetu.

Usingizi uliponichukua, nikamwona babu.

Babu mzaa baba alikuwa katekista wa kigango chetu mpaka alipofariki. Ndiye aliyenifundisha kipaimara. Siku ya kuchagua somo, yaani mtakatifu ambaye utabeba jina lake, mimi nilimchagua askari mmoja wa Kirumi kwa sababu kwenye picha alikuwa ameshika upanga. Nilidhani ni wa kupigania. Babu alicheka hadi akakohoa. Akanieleza kwamba ule ndio upanga aliouawa nao. Mashahidi wa imani huchorwa wakiwa na chombo kilichowatoa roho. Niliona haya, ila jina sikulibadilisha, na kusema kweli hata upolisi niliuingia kwa tamaa ileile ya upanga.

Katika ndoto alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na kanzu nyeupe tuliyomzika nayo, pamba zingali puani. Mwanzoni sikuogopa. Kilichonitisha ni kwamba mlango wetu, ambao ukiguswa tu hulia kama mbuzi, haukulia. Akaniita kwa mkono. Tangu utotoni nimeonywa kwamba marehemu akikuita ndotoni usimfuate, lakini niliinuka nikamfuata.

Tunatoka nje, na nje si kota za polisi tena. Ni uwanja wa gwaride, jua liko utosini na hakuna mtu mwenye kivuli. Askari wamejipanga, wamevaa majoho mekundu ya zamani. "Mguu sawa!" anafoka kamanda, na sauti ni ya mkuu wangu. Mbele yao kuna sanamu ya mfalme wao na chetezo kikubwa kama sufuria ya harusi. Mmoja mmoja wanakwenda, wanatia punje ya ubani kwenye makaa, wanamsujudia mfalme, wanarudi. Hakuna anayepigwa wala kusukumwa. Lakini kila anayerudi, vidole vyake vinafuka moshi, na mwenyewe hata havitazami.

Zamu inamfikia askari mmoja mrefu, mwenye kovu kidevuni. Namjua kabla sijaambiwa. Ni somo wangu, ingawa si mzuri kama kwenye picha. Amechoka, na jasho limemlowesha shingo. Anasimama mbele ya chetezo, anafungua mkanda wake wa kijeshi, anaukunja vizuri, anauweka chini.

Kamanda anamwambia, karibu kwa upole, "Punje moja tu. Nani ataiona?"

"Mimi," anajibu.

Basi. Nilingoja hotuba, nilingoja malaika, hawakuja. Akapiga magoti palepale vumbini na kuinamisha kichwa. Nikatafuta kwa macho ni nani atakayemuua, nikaona wote wananitazama mimi. Upanga uko mkononi mwangu. Nataka kuutupa, vidole vimeganda.

"Koplo!"

Na mdomo wangu huu huu ukajibu, "Ndiyo, afande." Mkono ukapanda wenyewe. Sikuuona ukishuka. Niliona tu vumbi limelowa, na uwanja mzima haukutoa hata kikohozi.

Nikamgeukia babu anishike, nikamkosa pembeni yangu. Alikuwa kwenye mstari, katikati ya wale waliokwisha kurudi. Vidole vyake vinafuka moshi.

"Babu, wewe katekista! Unafanya nini huko?"

Alitoa pamba puani, moja, kisha ya pili, akazishika kiganjani. "Unamkumbuka mzee Kaspari?"

Namkumbuka. Alifukuzwa kijijini kwa kuiba kengele ya kanisa. Sisi watoto tulimfuata hadi mtoni tukimzomea.

"Sikumwona akiiba," babu alisema. "Niliulizwa mbele ya watu, na watu walikuwa wamekwisha kuamua. Nikasema nimemwona."

Huyu ndiye aliyenifundisha amri zote kumi.

"Nimemtafuta huku tuliko wafu, nimwombe radhi," akasema. "Simpati." Moshi ulikuwa unampanda mkono mpaka kwenye kiwiko. "Mjukuu wangu, mstari huu hauna mwisho. Usiingie."

Nikazinduka. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani, amenishika bega.

"Baba Neema, umelia kama mtoto. Kuna nini?"

Nikamweleza yote, tindo kwanza, ndoto baadaye. Nilimwambia pia kwamba naogopa, maana naogopa kweli. Mkuu wangu si mtu wa kusahau. "Leo nitasema sikumkuta na kitu," nikasema.

"Watatutoa kota."

"Watatutoa."

Nilijua anawafikiria watoto na shule. Kisha akashuka, akavuta gunia kutoka uvunguni, akaanza kushusha sahani kutoka kabatini, akizifunga moja moja kwa khanga.

"Mama Neema, bado hawajatufukuza."

"Nawe bado hujaamka," akanijibu bila kugeuka. "Nenda kanawe uso. Ukisema kweli na macho mekundu hivyo, watasema umelewa."