Harufu ya Chumba Kipya

Dada yangu alifua mashuka ya hospitali tangu usichana wake mpaka alipostaafu, na kama kuna mtu asiyevumilia uvundo chini ya jua hili, basi ni yeye. Kule kwenye chumba cha kufulia walimwita Bi Povu. Walimtania kwamba hata chenji ataisuuza kwanza kabla ya kuitia mfukoni, naye alicheka tu huku akinusa foronya moja moja kabla ya kuikunja. Mimi mdogo wake nimelala naye kitanda kimoja utoto mzima. Nikirudi kucheza nikapanda bila kunawa miguu, alinisukuma mpaka sakafuni. "Kaoge, beberu wewe!" Ndiyo maana nikikumbuka walichomfanyia, damu inanichemka mpaka leo.

Hakuna aliyemtukana, tuelewane. Angetukanwa angejibu, mdomo anao, usimwone kimya vile. Walimheshimu. Hilo ndilo linaloniuma.

Alipostaafu, magoti yalikuwa yamechoka kwa kusimama miaka yote hiyo kwenye sakafu yenye maji. Mwanawe wa pekee, dereva wa lori, kijana mwenye roho nzuri kwa kweli, akasema mama hatapanga chumba tena. Akabomoa choo cha zamani kilichokuwa nyuma ya nyumba yake, akamleta mwashi, wakamjengea mama chumba palepale, kimepakana na jikoni. Vigae, dirisha kubwa, kabati jipya la nguo. Dada alinipigia simu analia kwa furaha. "Mdogo wangu, nina mlango wangu mwenyewe!"

Haukupita muda, chumba kikaanza kunuka. Si kila saa, ila mvua ikinyesha au mtu akimwaga maji mengi jikoni, ndipo kilipozidi. Mkwe wake, mwalimu wa chekechea, mtaratibu, sauti yake hata kuku haimshtui, aliingia kufagia akakutana na harufu kama ya mkojo uliolala. Akatazama kitanda, akamtazama mama mkwe, akajipa jibu. Sasa amwambieje mama mkwe wake neno kama hilo? Aibu. Akamnong'oneza mumewe. Naye amwambieje mama aliyemzaa? Aibu vilevile. Basi wakanyamaza kwa adabu. Ikanunuliwa dawa ya kupuliza yenye harufu ya maua. Godoro likavishwa plastiki, eti lisiingie vumbi. Siku moja dada akakuta kitandani pakiti ya nepi za watu wazima, imefunikwa vizuri kwa taulo safi.

Na dada je? Harufu alikuwa anaisikia tangu mwanzo! Ingekuwa kwake angepindua nyumba nzima. Lakini nyumba ni ya mwana, chumba amejengewa juzi tu, aanze kusema kinanuka? Aliona ni kukosa shukrani. Alichothubutu kusema ni kwamba anasikia panya wanakwaruza nyuma ya kabati. Mwanawe akacheka. "Panya, mama? Saruji yenyewe haijakauka sawasawa, panya apite wapi?" Kisha akaenda jikoni kumwambia mkewe kwamba mama ameanza kuchanganyikiwa. Dada alimsikia, maana ukuta ni mmoja.

Baada ya zile nepi, akaacha kuiamini pua yake. Akafungasha, akaja kwangu.

"Nimekuja kukusalimia tu," akasema. Salamu gani za kubeba blanketi? Mimi nashona nguo, chumba changu ni cherehani, kitanda na vipande vya vitambaa. Akawa anaoga asubuhi, anaoga mchana, anaoga kabla ya kugusa chakula. Mteja akiingia, yeye anatoka nje. Nikamkalia kooni mpaka akasema yote. Alipomaliza, akanisogelea, akanyoosha shingo.

"Ninuse."

"Dada, acha mambo hayo."

"Ninuse, nakwambia. Usinionee haya."

Nikamnusa. Shingoni, kwapani, mgongoni. "Unanukia sabuni," nikamwambia, na ndiyo kweli yenyewe.

"Wewe ni ndugu yangu," akajibu. "Huwezi kusema."

Nililia usiku wake, sifichi.

Huku nyuma, mkwe ndiye aliyekuja kunisimulia, godoro lilianikwa juani, mashuka yakafuliwa, sakafu ikasuguliwa kwa dawa. Mama hayupo, harufu ipo. Tena imezidi. Mkwe akafungua kabati atoe blanketi, panya akamrukia miguuni, akapiga yowe mpaka majirani wakaja mbio. Hapo ndipo akaitwa fundi bomba.

Fundi alifunua chemba ya maji machafu kule nje, akawasha matambara kwenye kopo, akausukumia moshi ndani ya bomba kwa feni ndogo, kisha akawaambia wakae chumbani watazame. Moshi ukatokea nyuma ya kabati, pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani. Wakavunja vigae. Kumbe bomba la kile choo cha zamani lipo vilevile, mdomo wazi! Mwashi alibomoa choo, akamwaga kifusi juu, akapiga sakafu, akaenda zake. Panya walikuwa wanapanda kutoka kwenye mtaro, wanapenya kwenye kifusi, na tundu walilotoboa wao ndilo lililopitisha harufu. Kuziba ilikuwa kazi ndogo tu. Fundi akauliza, "Yaani muda wote huu hakuna aliyeuliza inatoka wapi?"

Mwanawe alikuja akapiga magoti juu ya vitambaa vyangu. "Mama, ni bomba. Lilikuwa bomba, mama. Nisamehe."

Mimi nilikuwa nimemwekea maneno yake. "Huyu kakufulia nepi zako zote," nikamwambia, "leo wewe unamnunulia zake?" Akainamisha kichwa, machozi yanamdondoka.

"Mwache mtoto," dada akasema. Akampapasa mwanawe kichwa. "Hujanikosea, baba. Afadhali mmejua." Akauliza kama panya wamekwisha. Nikashusha pumzi, nikasema alhamdulillahi, yameisha.

Nikamsindikiza. Chumba kilikuwa kinanuka saruji mbichi na rangi, basi. Mkwe alimpokea mkoba huku analia. "Mama, hukuwa wewe. Haikuwa wewe hata siku moja." Dada akatikisa kichwa kwa upole, akamshukuru, vile unavyomshukuru mtu aliyesifu nguo yako kuukuu. Niliuona uso wake, nikaelewa kwamba hakuamini. Nyumba ile imemwonea haya muda wote ule, sasa ajuaje lipi ni la kweli na lipi ni la adabu?

Mjukuu wake wa kike akatoka ndani mbio, mikono ameitanua. "Bibi! Bibi!"

Dada akarudi nyuma, akainua viganja kumzuia.

"Subiri, mjukuu wangu. Bibi akaoge kwanza."

Alikuwa ametoka kuoga kwangu, nywele hata hazijakauka.