Salamu ya Kulala Chali

Kabla sijavaa koti jeupe la hospitali nilikuwa mcheza ngoma, na macho ya mchezaji hayastaafu. Kila aliyepita barabara ya Nchelenge, mji wetu wa ziwani unaotazamana na Kongo, nilimtazama kiuno: huyu anaegemea kushoto, yule bega limepanda. Katika miaka ya sabini nilipewa chumba cha mazoezi ya viungo, chenye mkeka mmoja na dirisha la kutazama ziwa.

Akaletwa mama mmoja, mchuuzi wa samaki kutoka upande wa Kongo. Alivunjika nyonga alipoteleza akishuka mtumbwini. Mfupa ukaunga, mguu ukagoma. Wenzake walisema watampitia mwisho wa mwezi, ila asipoweza kuvuka ukingo wa mtumbwi kwa miguu yake, watamwacha. Ng'ambo aliacha watoto kwa jirani.

Nikamwambia alale chali, abingirike huku na huku ili nyonga ilegee. Akabaki ameketi wima kama mgeni wa harusi. Kesho yake vilevile. Mimi hasira zangu ziko karibu, nikamwuliza kama alikuja hospitali kukaa.

"Mutoto yangu," akasema taratibu, "mugongo tunalalia mfumu. Weye hauko mfumu."

Nikacheka, kisha nikaona haya. Mimi mwenyewe niliwahi kumsalimia mfumu, yaani mfalme, hivyo kule Mwansabombwe penye ikulu yake, mgongo vumbini, nikibingirika na kupiga makofi, na nisiione nyonga yangu ikifanya kazi. Nikawakumbuka bibi vizee wa kule, wanaoinuka kutoka chini bila kushika kitu. Je, ni salamu iliyowalindia viungo? Swali hilo lilinikosesha raha wiki nzima.

Nikalala mkekani kando yake, nikamwuliza: kama si mimi, basi tumsalimie nani?

Akaupapasa mguu wake mbovu. Kisha akajilaza polepole, akaanza kubingirika na kupiga makofi, machozi yakimtoka.

"Nasalimia hii muguu," akasema. "Yeye njo atanipeleka ku batoto."

Tukausalimu mguu ule kila asubuhi. Mwezi ulipoisha nilimsindikiza ufukweni. Wenzake walimnyooshea mikono. Hakushika hata mmoja. Akatanguliza mguu ule mbovu, akavuka, akaketi. Hakugeuka kuniaga, macho yake yalishafika ng'ambo, nami nikapiga makofi kwa furaha.