Mkanda wa Moyo Uliponiumbua

Mimi askari jela mzima, nilisafiri kutoka Jinja hadi Mbale kutafuta kifaa cha kupeleleza moyo wa mke wangu. Tangu Rose aanze jimu, kila chakula alinilisha pamoja na sifa za kocha Hakim. Wivu ulinitafuna.

Mwenye duka aliniwekea mezani saa na mkanda wa kifuani, vyote vya kupima mapigo ya moyo. "Afande, saa hukosea ukikaza mikono kwenye baiskeli. Mkanda husema kweli."

Ukweli ndio niliokuwa nautaka! Nikanunua mikanda miwili, wake na wangu, inayotuma mapigo kwenye simu. Wake nikampa Rose jioni hiyo, auvae jimu.

Kesho yake nilikaa juu ya baiskeli ya jimu, mkanda ndani ya shati, simu mkononi, wala sikanyagi pedali. Hakim akamshika Rose kiwiko, amwelekeze kunyanyua chuma. Mapigo kwenye simu yakaruka kutoka tisini hadi mia na sitini.

"Rose!" nikafoka mbele ya watu wote. "Akikugusa tu, moyo mbio! Simu imekuona!"

Rose akatoa mkanda wake kwenye begi, ungali ndani ya boksi.

Hakim akachungulia simu yangu. "Afande, shuka polepole," akaniambia kwa huruma. "Huo moyo ni wako, na bado unapanda."