Lugha Iliyombakia Baba

Baba alifundisha Kiingereza katika shule za msingi za Kajiado mpaka akastaafu, lakini nyumbani hakukizungumza. Yeye na Mama walizungumza Kimaragoli, lugha waliyotoka nayo Vihiga, nasi watoto tukaongea nao Kiswahili chetu cha kuchanganya. Mama aliachia shule darasa la tatu. Alimwita Baba Mwalimu, mbele ya wageni na hata wakiwa peke yao jikoni.

Kiharusi kilimpata Baba wakiwa wameshahamia Kitengela, kwenye ploti waliyoijenga chumba baada ya chumba. Mimi nilikuwa katikati ya utafiti wa shahada yangu ya uzamifu, nikichunguza jinsi watoto wa Kimaasai wanaozungumza Kimaa nyumbani wanavyojifunza kuuliza maswali kwa Kiingereza. Nilikuwa darasani huko Kajiado, ninarekodi, Mama aliponipigia simu kusema Mwalimu ameanguka akinyunyizia mboga za sukuma maji, na mdomo umeenda upande.

Siku alipoweza kusema tena, hospitalini, neno la kwanza lilikuwa "Water." Tulifurahi. Mama akamuuliza kwa Kimaragoli kama anataka ya moto au ya baridi. Baba alimkazia macho, akihangaika, kama mtu anayesemeshwa na mgeni. Nilimuuliza kwa Kiswahili, ikawa vilevile. Nilipomuuliza kwa Kiingereza akanijibu, polepole, kwa sentensi iliyonyooka.

Mtaalamu mmoja wa hospitali anayewafundisha wagonjwa kuongea upya alitueleza kwamba kwa watu wa lugha nyingi mambo hayo hutokea, kiharusi kikazima lugha hii na kuiacha ile, na hakuna anayejua kwa hakika sababu yake. Nilikuwa nimesoma juu ya wagonjwa wa namna hiyo nikijiandaa kwa mitihani, na wakati ule niliona ni jambo la kuvutia. Alishauri tumsemeshe kwa lugha iliyobaki, tungoje. Mama akaniuliza tunangoja nini.

Nyumbani Mama alimuogesha Baba, akamlisha, akamgeuza kitandani, yote kimyakimya. Baba akiomba miwani, Mama alimletea sweta, kisha kikombe, kisha redio, mpaka Baba akafumba macho. Wikendi nilikuwa mkalimani kati ya wazazi wangu. Baba aliponiambia nimwambie anamvuta vibaya akimvalisha shati, nilimwambia Mama kwamba Mwalimu anashukuru, ila mkono wa kushoto bado unauma.

Halafu akaja mtu mzima mmoja kutoka Ewuaso Kedong, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyefundishwa na Baba zamani. Walizungumza Kiingereza alasiri nzima. Baba alicheka, mara ya kwanza tangu augue. Mama aliwaandalia chai, akakaa pembeni akiwatazama midomo. Alipomsindikiza mgeni na kurudi, aliketi kwenye kigoda cha jikoni, hakuinua uso.

"Yule ameongea mengi na Mwalimu leo kuliko mimi tangu atoke hospitali," alisema. "Nifundishe hicho Kiingereza."

Nilianza kama nilivyofunzwa kufundisha: picha, salamu, majina ya vitu. Alikataa. Kikombe anakijua, alisema, na Mwalimu pia anakijua. Alitaka kujua kusema umelala vizuri, unaumwa wapi, unakumbuka. Basi tulisoma akimenya viazi, yeye akirudia sentensi nzimanzima kama mtu anayekariri sala.

Asubuhi moja aliingia na uji wa wimbi, akamwambia, "You eat now?"

Baba akasema kwa ile sauti yake ya darasani, bila hasira, "Are you going to eat now?"

Alikuwa anamsahihisha. Mama akadhani anakaribishwa. Uso wote ulimfunguka. "Yes," akajibu, "I eat. Thank you." Akaketi ukingoni mwa kitanda, akanywa uji wote wa mgonjwa kwa heshima, kwa sababu Mwalimu amemwambia. Baba alimtazama tu. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilikwenda kupika uji mwingine.

Akaendelea hivyo. Alimpa habari za mvua, za mbuzi wa jirani walioingia kwenye sukuma. Baba alisahihisha, Mama akarudia. Jioni moja akaniuliza "nimekuzoea" inasemwaje. Nilijaribu moja, "I am used to you", nikaona inafaa kusemwa juu ya kiatu. Nilijaribu nyingine, "I miss you", lakini hiyo ilikuwa ya mtu aliye mbali, na Baba alikuwa chumba cha pili. Nilimwambia nitafikiria.

"Si wewe ndiye umesomea hii?" aliuliza, bila ubaya.

Nikiwa bado nafikiria, Kiingereza cha Baba kikaanza kupungua. Kwanza yale maneno madogo, kisha vitenzi. Mwisho akabaki na maneno ya kusifia mtoto darasani, "Very good", na aliyasema kwa kila kitu, hata Mama alipomgeuza, na kidonda cha mgongoni alichopata kwa kulala sana kikamuuma mpaka machozi. Daktari alisema huenda mishipa midogo kichwani inaendelea kuziba. Nilimuuliza tufanye nini, akasema tunachofanya ndicho hicho. Kabla ya mvua za vuli, Baba akanyamaza kabisa.

Mama hakuacha. Kila asubuhi anamuuliza amelalaje, kwa Kiingereza, kisha anangoja, mikono mapajani. Akikosa jibu anabadilisha neno moja, anauliza upya, anangoja tena. Nilichelewa kuelewa anafanya nini, mpaka Jumapili iliyopita aliponifuata kwenye kamba ya nguo.

"Niko na makosa mahali," alisema. "Nisikize, unisahihishe."

Akaisema sentensi yake ya kila asubuhi. Haikuwa na kosa hata moja. Nilimwambia hivyo.

"Kama iko sawa, mbona hajibu?"

Nilimwambia tena kwamba iko sawa, Mama, iko sawa kabisa. Niliona haniamini. Alifuta mikono kwenye leso, akarudi ndani, na kupitia dirisha nikamsikia akiisema upya, sasa taratibu zaidi, neno kwa neno.