Mshipi Usiovutika

Jumamosi tatu mfululizo nilirudi nyumbani Kibaoni mikono mitupu. Samaki walikuwepo, tena walikuwa wanagonga chambo. Nilikuwa na fimbo ya kurusha, ile aliyoniletea kaka yangu kutoka Dar pamoja na mashine yake ya kukunjia mshipi. Nikihisi kitu kwa mbali, nanyanyua kwa nguvu zangu zote. Ndoana inarudi, chambo kimeliwa.

Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa akinisindikiza mtoni. Ni Mndamba, amezaliwa kando ya maji, na usichana wake aliumalizia kwenye kutega migono, ile mitego ya samaki ya kusuka. Wiki mbili alivumilia. Ya tatu uzalendo ukamshinda.

"Mwanangu, wewe huvui. Unawalisha."

Jumatatu, nilipotoka kufundisha, tukaenda wote kwa mzee mmoja wa pwani anayeuza vifaa vya uvuvi. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Akauliza swali moja tu.

"Umefunga mshipi gani?"

"Nailoni, ule uliokuja na fimbo."

"Basi ndiyo hiyo. Nailoni inavutika kama mpira. Wewe unavuta huku, samaki kule hana habari."

Mama hakuridhika na maneno, alitaka kuona. Mzee akampa ncha ya nailoni, naye akaenda nayo mpaka kwenye kibanda cha fundi pikipiki, hatua kama hamsini. Mimi nikabaki mlangoni, nimefumba macho, nimeshika upande wangu kwa vidole viwili.

"Vuta, mama!"

"Nimeshavuta!"

Wallahi sikuhisi chochote. Watu wakaanza kusogea.

Mzee akatoa uzi wa kusukwa, wa kijani, mwembamba kama wa cherehani. Mama akaondoka nao tena. Kabla sijafungua mdomo, vidole vyangu vikadonolewa. Nikaruka.

"Mama, umevuta?"

"Nimegusa kwa ukucha tu!" akapiga kelele kutoka kule, akicheka, ncha ya uzi kaiinua juu ya kichwa. Miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumsikia akipaza sauti barabarani.

"Sasa sikilizeni," mzee akasema. "Uzi huu hauna huruma. Usivute kwa hasira ulizozizoea, utampasua samaki mdomo. Kaza tu. Na kabla ya ndoana weka kipande cha waya, maana wenye meno wataukata."

Jumamosi hiyo asubuhi tulikuwa mtoni, juu kidogo ya daraja, mbali na ukingo kwa sababu ya mamba. Nilirusha mara ya nne au ya tano, nikahisi pigo kavu, kama mtu amebisha mlango wa bati. Moyo ukalipuka, na maneno yote ya mzee yakanitoka. Nikanyanyua kwa hasira zilezile. Samaki akaruka juu ya maji, akang'aa, akaenda zake. Kwenye ndoana kulibaki kipande kidogo cha ngozi ya mdomo.

"Si umeambiwa ukaze tu!" Mama alikuwa ameshasimama, kanga imemwanguka, hana habari nayo.

Nikarusha tena. Nikangoja. Lilipokuja pigo jingine sikunyanyua kitu; nilizungusha mashine mara mbili haraka mpaka uzi ukakaza, nikaisogeza fimbo pembeni kidogo. Ikajikunja. Ndoana ilikuwa imeingia, nilijua kabisa, nilihisi kila alipotikisa kichwa.

"Ameshika! Mama, ameshika!"

"Usimlegezee! Mlete, mlete!"

Tulimtoa kwenye majani sote wawili, mama ameshika waya, mimi fimbo. Samaki alikuwa na mistari ubavuni na meno yaliyotokeza nje kama misumari, mrefu kama mkono wangu. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka.

Mama akamfunika kwa kanga, akajifuta mikono kwenye nyasi, akanyoosha mkono.

"Hebu lete hiyo fimbo."

Alirusha vibaya mara sita. Mara ya saba akapata kambale, na mpaka tunaondoka saa nane hakunirudishia fimbo yangu.