Koti Jekundu la Kapteni

Ukimtajia Aloys neno sare, husahau hata chai iliyo mbele yake. Ni Mrundi, fundi cherehani wa Barabara ya Umbilo hapa Durban, na ndiye anayetushonea sisi wanakwaya. Mimi nauza vitenge katika chumba hichohicho, kwa hiyo nilimwona alivyoruka siku Eddy alipomletea picha za askari wepesi wa miguu wa Hispania, wale waliopigana na Napoleon!

Eddy ni Mkongo, fundi simu wa mtaa wa Point, mwenye wazimu wa historia ya vita vya zamani. Yeye, kapteni wao, na wenzake huvaa kama askari hao na kuandamana South Beach. Alieleza kwamba mwanzoni askari wale walivaa kijani, baadaye buluu, yenye kola nyekundu. Akamwahidi Aloys: tushonee makoti ya buluu, ujishonee na lako, utaandamana nasi. Basi mtu mzima yule akawa anatembea kijeshi chumbani, futi kamba shingoni, anacheka peke yake. Nikamwambia atanivunjia meza.

Jumamosi, pale ufukweni, wanakwaya tukiwa tumekuja kutazama, makoti yakatoka kwenye mfuko yanameremeta vifungo. Nikapiga kigelegele. Halafu likatoka la Eddy. Jekundu! Kola ndiyo ya buluu.

"Eish, Aloys! Hii iko ya nani?"

"Yako, kapiteni. Kwa kwaya, kiongozi tunamugeuziaka rangi. Watu wamujue."

"Lakini sisi ni jeshi, ndugu yangu! Hata kapiteni anavaa bleu. Nyekundu ni ya Waingereza!"

Nilitaka kucheka, ila uso wa Aloys ulinikata maini. Yeye na Eddy wanalingana mwili. Akafungua vifungo vya koti lake la buluu taratibu, akamvalisha Eddy, akamnyoosha kola. Upepo ulikuwa mkali, hivyo akavaa lile jekundu na kuja kusimama nasi pembeni. Nilikasirika! Kazi yote ile, halafu asimame kama mpita njia?

Maandamano yakaanza, na ilikuwa aibu tupu. Hawana ngoma, huyu mguu wa kulia, yule wa kushoto, watoto wanacheka. Wanakwaya tulikuwa tumejaa pale, na macho yetu yamezoea kumtazama aliyegeuziwa rangi. Aloys, kwa uchungu wa makoti yake, akaanza kupiga makofi awasaidie hatua. Sisi tukadhani tunaanzishiwa wimbo. Tukaupokea kwa sauti zote!

Buti zikakaa sawa, pa, pa, pa! Watu wakatoa simu. Eddy akageuka, jasho linamtoka.

"Aloys! Kuja mbele na watu yako! Bila ninyi tunaanguka!"

Alikwenda mbio. Huyu fundi wetu hajawahi kutuongoza hata wimbo mmoja. Alipunga mikono hovyo, nasi tukamfuata, machozi yananitoka, tukapita South Beach nzima.