Siku Tulipomnyoa Msichana Uwanjani

Nimeshona nguo miaka mingi mbele ya dirisha moja, katika mtaa ulio upande wa juu wa Nakuru, njia ya kuelekea Menengai. Dirisha hilo linatazama uwanja wa watoto. Si uwanja mkubwa. Palikuwa na bembea tatu za minyororo, slaidi ya plastiki ya manjano, matairi yaliyozikwa nusu ardhini, na udongo wetu ule mwepesi ambao wakati wa kiangazi hupeperuka ukaingia hadi kwenye sufuria. Sisi wazazi ndio tuliouanzisha, ili watoto wasichezee barabarani.

Vijana walianza kuja likizo ya mwezi wa nane. Walikuwa sita au saba, wa miaka kumi na minne hadi kumi na saba. Mwanzoni walikaa tu juu ya bembea, wakitazama simu zao, na watoto wadogo wakasimama kando wakingoja zamu ambayo haikufika. Baadaye ukaja muziki, matusi, na moshi wa bangi ulioniingilia dirishani nikiwa nashona. Siku moja niliamka nikakuta wamezungusha minyororo juu ya mhimili, bembea zote tatu zinaning'inia mahali ambapo hata mimi singeweza kuzifikia. Baba mmoja alileta ngazi akaziteremsha. Kesho yake zilikuwa juu tena, akaziteremsha tena.

Nilikasirika, lakini hasira yangu ilikuwa ya kukaa ndani. Nilifunga dirisha nikaendelea na kazi.

Kisha binti yangu akakatwa. Alikuwa na miaka sita wakati huo. Alikuwa ameenda kucheza saa nane mchana, na haikupita nusu saa nikasikia analia mlangoni. Nilipofungua nilimkuta ameketi kizingitini, wayo wa mguu wa kulia umepasuka, damu imechanganyika na vumbi ikawa kama matope. Walikuwa wamevunja chupa chini ya slaidi, naye aliteremka miguu mitupu. Nilimfunga mguu kwa kipande cha kitambaa cha shuka nilichokuwa nashona, nikambeba hadi kliniki. Alishonwa nyuzi tano. Alinishika shingo hata nikashindwa kupumua vizuri.

Niliporudi nilimlaza, nikavuka hadi uwanjani na aproni yangu ikiwa bado na damu. Vijana walikuwepo.

"Nani amevunja hizi chupa?"

Kijana mmoja mwenye kofia alicheka kidogo, akatazama pembeni.

"Mathe, tulia kwanza," alisema msichana aliyekuwa ameketi kwenye bembea ya katikati.

Nilimjua. Alikaa ploti ya tatu kutoka kwetu, na tangu darasa la kwanza mimi ndiye niliyemshonea marinda ya shule. Nilijua kiuno chake kilivyokuwa akiwa na miaka saba, na jinsi alivyosimama wima bila kutikisika nilipompima. Sasa alikuwa na miaka kumi na sita, amesukwa rasta ndefu za rangi ya damu ya mzee.

"Hapa ni pa watoto," nilimwambia.

"Na sisi ni nani? Si ata sisi tumelelewa hapa? Tukikaa kwa duka tunafukuzwa. Tukikaa kwa gate ya kanisa tunafukuzwa. Twende wapi?"

Nilipiga kelele. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alinitazama tu.

Jioni hiyo nilimpigia simu mama yake. Alikuwa akifanya kazi katika shamba la maua kule Naivasha, akilala Kamere na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Msichana ndiye aliyebaki na mdogo wake wa miaka minne: kumpikia, kumfulia, kumpeleka nasari.

"Pole sana kwa mtoto," mama yake aliniambia. Nilisikia amechoka. "Mimi siwezi kutoka huku katikati ya wiki. Nisaidie umwongeleshe, mama. Mwongeleshe kama wako tu."

Nilimwambia nitamwongelesha.

Sikumwongelesha. Jumapili, baada ya kanisa, nilienda kwenye mkutano wa mtaa nyumbani kwa mwenyekiti. Kila mtu alikuwa na lake la kusema: nyaya za kuanikia nguo zilizokatwa, kuku aliyepigwa mawe, matusi yaliyoandikwa kwa mkaa ukutani. Mguu wa binti yangu ndio uliowatia watu moto. Mwenyekiti aliuliza, "Sasa tunaanza na nani?" Watu wakatazamana. Wengi wa wale vijana hakuna aliyejua vizuri wametoka wapi. Wengine walivuka tu kutoka mitaa ya chini.

Nikasema, "Yule wa rasta nyekundu. Yeye ndiye kiongozi wao."

Sikuwa najua kama yeye ni kiongozi. Nilijua tu anakoishi.

Jumamosi iliyofuata, kwenye saa kumi, wanaume watano waliingia uwanjani kwa pamoja, mmoja ameshika mjeledi wa nyahunyo. Wavulana waliruka ua wakatawanyika kabla hawajafikiwa. Msichana hakukimbia. Siku hiyo alikuwa amekuja na mdogo wake, na mtoto alikuwa juu ya bembea, imepaa sana. Niliona anavyokamata mnyororo kwa mikono miwili aisimamishe taratibu, mtoto asianguke. Alikuwa bado anamteremsha walipomshika.

Nilidhani watamkemea, labda wampige viboko viwili kisha wamwachilie. Mmoja wao, jirani yangu anayeuza mitumba sokoni, alikuja hadi dirishani.

"Mama, tuazime makasi kidogo."

"Ya nini?"

"Lete tu."

Nilijua ni ya nini. Nilichukua makasi makubwa ya kukatia kitambaa, yale ambayo binti yangu haruhusiwi kuyagusa, nikampitishia kati ya vyuma vya dirisha.

Walimkalisha juu ya tairi. Walianza na rasta, na zilipokwisha waliendelea kukata hadi ngozi, ovyo ovyo, huku na huku, wakimwambia atakuwa funzo kwa wenzake. Mwanzoni hakulia. Alikaa wima, bila kutikisika. Mdogo wake alikuwa akivuta shati la mwanamume mmoja akipiga mayowe, na watoto wengine wa mtaa, wale wale tuliosema tunawalinda, walikuwa wamesimama mstari wakitazama. Mmoja alianza kucheka na wengine wakamfuata. Hapo ndipo msichana alipoinamisha kichwa.

Binti yangu alikuwa amepanda kwenye stuli kando yangu, mguu wake ukiwa na bandeji.

"Mama, amefanya nini?"

"Ndio wao waliovunja chupa."

"Si yeye. Ni yule wa kofia. Huyu ndiye alinibeba akanileta hadi kwa mlango."

Nilimtazama. Siku ile sikujiuliza hata mara moja mtoto aliyepasuka mguu vile alivukaje uwanja mzima hadi nyumbani.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Ningeweza kutoka. Kutoka mlangoni kwangu hadi pale si hatua hamsini. Nilibaki nimesimama, nimeshika pazia, hadi walipomaliza na yule jirani akaniletea makasi, akayapangusa kwa suruali yake kabla ya kunirudishia. Nilisema asante. Hilo pia nalikumbuka.

Mama yake alikuja Jumatatu, akafunga virago, akaondoka na watoto wote wawili kwenda Kamere. Hakuaga mtu. Vijana walipotea wiki tatu hivi, kisha wakarudi, na safari hii walirudi na hasira. Waliwasha moto chini ya slaidi ikayeyuka ikalala upande. Minyororo ya bembea ilikatwa ikachukuliwa, pengine kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwenyekiti aliagiza uwanja ufungwe kwa mabati na kufuli. Majani yameota hadi kiunoni humo ndani, na watoto wanacheza barabarani, pikipiki zikiwapigia honi.

Mwezi wa kumi na mbili nilienda Kamere. Niliuliza nyumba hadi nikaipata, chumba kimoja cha mabati karibu na pale samaki wanapoparuliwa magamba. Mama yake alinikaribisha bila kuuliza nimefuata nini, akaweka chai jikoni. Nilishika kikombe nikashindwa kunywa.

"Mimi ndiye niliyewaelekeza kwake," nilimwambia. "Na hakuwa na makosa na mtoto wangu."

"Najua. Aliniambia siku ile ile." Alinisogezea sukari. "Kunywa chai, inapoa."

"Na yeye, shule je?"

"Alikataa. Alisema hataki kukaa tena mahali watu wanamwangalia."

Tulikuwa bado tumekaa vile msichana alipoingia na beseni la samaki wa kukaanga aliokuwa akiuza kando ya barabara. Alikuwa amefunga kitambaa kichwani. Alinitambua mara moja. Aliweka beseni chini, akanipa mkono, akanisalimia kwa adabu kama mgeni mwingine yeyote, kisha akatoka tena nje. Nilimsikia akisuuza vyombo, taratibu, muda mrefu kuliko vyombo vilivyokuwepo. Hakurudi ndani hadi nilipoondoka.

Nilifika Nakuru kabla jua halijazama. Binti yangu aliniuliza kama yule dada amesema atarudi mtaani. Nilimwambia sikumuuliza, na hiyo ilikuwa kweli.